Waya wa chaja hauungwi, unabadilishwa mzima

Usimpe huyo fundi chaja yako. Kama umeshampa, panda boda sasa hivi ukaichukue kabla hajashika koleo.

Umesema una laptopu ya Dell Latitude uliyonunua ikiwa imetumika, waya wa chaja umechubuka shingoni karibu na pini, inachaji ukiukunja upande mmoja tu, na fundi wa hapo Mbale amekuahidi kuukata, kuuunga na kuufunga tepu kwa shilingi 5,000 za Uganda. Ukauliza pia kama zile chaja za pini nyingi, zenye ncha za kubadilisha, zinafaa. Naanza na huyo wa 5,000 kwa sababu najua anakokupeleka.

Mimi nashughulikia hati za forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kompyuta ikizima, lori la mteja linalala uwanjani, dereva anapiga simu, mwenye mzigo Kampala naye anapiga simu. Chaja yangu ilianza kama yako: taa inawaka, inazima, unausogeza waya kidogo, inawaka tena. Nikiwa Kampala nikaingia kwenye kibanda kimoja karibu na paki ya zamani ya taksi. Kijana akaukata waya, akaumenya kwa meno, akasokota nyaya kwa vidole, akazungusha tepu nyeusi, akachomeka. Taa ikawaka. Akaniambia, "Mzee, hii utaichoka wewe, yenyewe haichoki."

Ndani ya ule waya kulikuwa na nyaya tatu, si mbili. Nikamuuliza kile cha tatu, chembamba kama uzi wa kushonea, kina kazi gani. Akanijibu bila hata kuinua macho kwamba ni cha kuzuia mikwaruzo ya umeme, hata kisipokuwepo hakuna neno. Kwa hiyo akakisokota upesi upesi, akakilaza ubavuni mwa waya wa chanya, kati yao ikabaki ngozi moja ya tepu.

Uongo mtupu! Nisikilize vizuri hapa, maana Latitude yako ina kijiwaya hichohicho. Ukiitazama pini ya chaja yako utaona ni mrija wa chuma, na katikati kuna sindano nyembamba. Nje ya mrija ni hasi, ndani ya mrija ni chanya, na ile sindano ya katikati haipitishi umeme wa kuchaji kabisa. Kazi yake ni kuijulisha laptopu chaja iliyochomekwa ni ya wati ngapi. Ndani ya chaja kuna kijichipu kidogo kinachojibu: mimi ni wati 65, au 90. Laptopu ikikosa jibu, inawaka kwa umeme wa chaja lakini inakataa kuchaji betri, na inajipunguza kasi ili isivute umeme kupita kiasi. Ukiiwasha unapata ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani.

Sasa fikiria. Kijiwaya hicho kimetengenezwa kubeba mazungumzo madogo ya volti chache. Jirani yake, waya wa chanya, amebeba volti 19.5. Wakigusana, volti 19.5 zote zinaingia kwenye njia isiyozijua, na upande mmoja wa njia hiyo ni kijichipu cha chaja, upande wa pili ni bodi ya laptopu yako.

Kwangu waligusana. Kiungo cha kusokota kwa vidole hakishikani kama waya mzima, na chaja ya wati 65 inapitisha zaidi ya ampea 3. Umeme mwingi namna hiyo ukipita mahali pabovu, pale panapata moto. Gundi ya tepu ikalainika, tepu ikateleza, nyaya zikasogeleana. Nilichosikia ni harufu ya plastiki tu. Hakuna cheche, hakuna mlio. Laptopu ikaendelea kuwaka, nami nikaendelea kujaza hati, ila kila kitu kikawa kizito, ukurasa mmoja unafunguka kwa dakika nzima, na betri ikawa inashuka huku chaja imechomekwa.

Nikanunua chaja mpya, halisi, si ya bei ya kutupa. Ujumbe uleule. Nikaazima ya mwenzangu ofisini, inayochaji Latitude yake vizuri kabisa. Ujumbe uleule. Hapo ndipo unaelewa kwamba chaja haina kosa tena, kwamba ni bodi ndiyo imepoteza masikio. Fundi wa bodi, huyu ni fundi kweli, ana darubini mezani na hasemi sana, akanionyesha sehemu iliyoungua: doa dogo kuliko punje ya mtama. Kuitengeneza kulinigharimu shilingi 280,000. Ongeza chaja mpya niliyonunua bure. Ongeza mteja aliyehama kwa sababu mzigo wake ulichelewa. Yote yametoka kwenye kiungo cha 5,000.

Banange, hawa watu wa tepu wananikera kuliko wezi. Mwizi hakudanganyi kwamba anakusaidia. Huyu anachukua kitu cha mtu anayekitegemea kwa ugali wake, hajui nyaya tatu zinafanya nini, na badala ya kusema "sijui" anatunga jibu. Kisha anakuonyesha taa inawaka, kama kwamba taa ndiyo kipimo. Taa ya chaja inaonyesha tu kwamba boksi la chaja linatoa umeme. Haionyeshi kiungo kinapata moto kiasi gani, wala kama laptopu imeitambua chaja.

Na wale watakaokuja hapa chini kuandika "mimi nimeunga na bado nadunda nayo", nawajua, mpo kila uzi wa mjadala. Wengi wenu mna chaja za nyaya mbili, kama zile za pini nene ya duara zisizo na sindano katikati. Huyu ndugu ana Dell. HP nyingi pia zina sindano hiyo, zile za ncha ya bluu na zile za zamani za pini nene. Msimpotoshe mwenzenu kwa chaja isiyofanana na yake.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi: waya wa chaja hauungwi, unabadilishwa mzima, kutoka ndani ya boksi mpaka kwenye pini. Hauungwi shingoni, hauungwi katikati, haufungwi tepu, haupakwi gundi ya moto juu ya jeraha.

Nitakuambia kwa nini hata gundi haisaidii. Waya haukatiki wote kwa siku moja. Pale shingoni unakunjwa, unanyooshwa, unakunjwa tena, na vijinyuzi vya shaba vinakatika kimoja kimoja ndani ya ngozi ambayo kwa nje inaonekana nzima. Vile vilivyobaki vinabeba mzigo wa vilivyokufa, vinapata moto, vinakatika upesi zaidi. Ukiona mpasuko nje, ndani tayari pameharibika. Gundi unayopaka inafunika tu, tena inahamisha kona ya kukunjikia hadi sentimita mbili mbele, uanze upya pale.

Huo waya mnene unaotoka soketini unachomoka kwenye boksi, ukifa unanunua mwingine hata kwenye duka la redio. Huu mwembamba wa kwenda kwenye laptopu ndio umefungiwa ndani ya boksi, ndiyo maana watu wanashawishika kuuunga. Lakini waya mtupu wenye pini yake unauzwa peke yake. Kampala wapo wengi wanaouuza, na Mbale muulize anayetengeneza bodi za simu na laptopu, si anayeuza kava na earphone. Fundi analipasua boksi kwenye mshono wake, anaondoa waya wa zamani, anachomelea mpya kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi ya chaja, nyaya zote tatu kila mmoja mahali pake, halafu anafunga boksi. Yangu ya sasa imefanywa hivyo kwa 35,000 pamoja na waya, na sijaigusa tena.

Angalia aina ya waya anaokuwekea. Mwambie akwangue ncha kidogo mbele yako. Ikiwa nyekundu ya shaba mpaka ndani, sawa. Ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inapata moto, na haivumilii kukunjwa. Mkatalie hata kama anakupunguzia bei.

Zile za pini nyingi, hapana. Ncha yake inalegea kwenye tundu, ikilegea inacheza, ikicheza inaunguza tundu la laptopu. Zaidi ya hapo, nyingi hazina kijichipu cha kujibu, kwa hiyo Latitude yako itazikataa kuchaji betri hata zikiwa mpya. Ukilazimika kununua chaja nzima, soma maandishi nyuma ya boksi la zamani: volti ziwe zilezile, 19.5, na ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue.

Leo, kabla hujaenda popote, chomoa hiyo chaja na usiirudishe. Hata kama una kazi ya chuo ya kesho. Omba ya mwenzako mwenye Dell ya pini ile ile, iwashe laptopu huku ukibonyeza F2 mfululizo, nenda sehemu ya taarifa za betri. Pameandikwa aina ya chaja. Ukiona 65 W au 90 W, bodi yako bado ni nzima, umewahi, unahitaji waya tu. Ukiona haijulikani, usinunue chaja yoyote kwanza, itakuwa hasara juu ya hasara; peleka laptopu kwa fundi wa bodi.

Waya ukishabadilishwa, fanya jaribio hilohilo dukani na chaja yako mwenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni. Kisha ikae ikichaji huku laptopu inafanya kazi, ushike shingo ya waya na pini. Boksi kupata joto ni kawaida. Pini kukuchoma vidole si kawaida, mrudishie.

Na acha kuuzungushia waya boksini kwa kuukaza kama kamba ya mbuzi. Ukunje kwa duara pana, sehemu ya shingoni ibaki huru.

Piga picha lebo ya nyuma ya boksi na ile pini kwa karibu, uziweke hapa. Nitakuambia waya wa aina gani uuombe, ili asikuuzie wa HP.