Ukucha Ulikumbuka Homa Niliyoisahau

Mmeuliza wiki hii iwapo nywele zinazonyonyoka baada ya homa ni ishara kwamba ugonjwa ungali mwilini. Kwa yaliyonipata, jibu langu ni hapana.

Mei 2019, ugonjwa wa kidingapopo, yaani homa ya dengi, ulipoenea Dar es Salaam, nililala kitandani siku sita kwa homa kali na maumivu ya viungo, kisha nikapona. Mwishoni mwa Agosti, nilipofumua nywele, chanuo lilitoka limejaa. Nikamlaumu msusi kwamba alivuta mno, nikayaacha mafuta niliyoyazoea na kununua mengine ya bei kubwa. Homa haikunijia akilini hata kidogo, kwa kuwa miezi mitatu ilikuwa imepita, na nadhani muda huo ndio unaotupoteza wengi.

Daktari wa ngozi alinionyesha kinundu cheupe kwenye mwisho wa kila unywele, maana yake uling'oka na shina lake, haukukatika. Alieleza kwamba nywele nyingi za kichwa huwa zinakua na chache zimepumzika, lakini homa kali huziingiza nyingi mapumzikoni kwa mkupuo mmoja, nazo hukaa humo miezi miwili hadi mitatu ndipo zianguke. Kisha akakishika kidole gumba changu, ambacho ukucha wake ulikuwa na mfereji uliokatiza kutoka upande hadi upande, mahali ambapo ukucha ulisita kukua nilipougua. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Alipopima, akiijumlisha sehemu iliyofunikwa na ngozi, hesabu ilirudi Mei. Hakuna maelezo yaliyonituliza kama kipimo kile.

Watoto nao, mwezi mmoja au miwili baada ya ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, ule wa virusi unaoleta malengelenge sehemu hizo, huweza kubanduka kucha, na mama akadhani ni fangasi.

Sisemi watu wasiende hospitali. Mimi nilipimwa damu na tezi ya shingo, na mwenye mabaka ya upara, au ambaye nywele zinaendelea kunyonyoka kupita miezi sita, huenda ana tatizo jingine. Kwangu dawa ilikuwa kula vizuri, kutosuka kwa kubana, na kusubiri. Mfereji ule niliukata pamoja na ncha ya ukucha mwezi wa Desemba, na Januari msusi, ambaye nilikwisha kumwomba radhi, aliziona nywele fupi zikichipua pembeni mwa paji la uso.