Mpiga mieleka asiyebusu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ujiji, nauza dagaa. Jirani yetu karudi kutoka Bujumbura na sinema za zamani za Kifaransa, na humo yumo mwigizaji mmoja wa mabega mapana, Lino Ventura. Wenzangu wengine wanasema alikuwa mpiga mieleka wa kweli, wengine wanabisha. Ukweli ni upi? Na mbona hata akiwa na mwanamke mzuri habusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mieleka ni kweli tupu. Na kwa makaratasi hakuwa hata Mfaransa: alizaliwa Parma, Italia, mwaka 1919, akapelekwa Ufaransa angali mtoto, na hadi anafariki mwaka 1987 hakuchukua uraia wa huko. Shule aliiacha mapema, akahangaika na vibarua, kisha akaingia ulingoni. Mwaka 1950 akawa bingwa wa Ulaya. Baadaye akavunjika mguu katika pambano, akabaki kuwaandalia wenzake mapambano.

Sinema ndiyo iliyomfuata. Mwongozaji Jacques Becker alitaka jambazi wa kusimama uso kwa uso na Jean Gabin, nyota mkubwa wa enzi hizo. Ventura hakuwa ameigiza hata siku moja. Filamu hiyo, Touchez pas au grisbi, ilitoka 1954, na tangu hapo hakupumzika. Alifikisha filamu zaidi ya 70.

Kubusu alikataa mwenyewe. Alikuwa mtu wa haya na wa nyumbani, na ndoa yake na Odette ilidumu tangu 1942.

Lakini mimi simpendei mabega. Mtafute katika L'Armée des ombres ya mwaka 1969. Kawatoroka Wajerumani usiku, anaingia kwa kinyozi akihema, anaomba kunyolewa ndevu. Ukutani kuna picha ya Pétain, yule mtawala wa Ufaransa aliyeshirikiana na Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wembe uko shingoni, na hajui kinyozi ni wa upande gani. Hasemi kitu, tazama macho yake tu. Wakati wa kuondoka kinyozi anampa koti la rangi nyingine, ili wanaomsaka wasimtambue. Nimeitazama mara nyingi, na bado nikifika hapo napumua kwa shida.

Kuna jingine hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia. Mmoja wa watoto wake wanne, Linda, alizaliwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1965 baba huyu mwenye haya alikwenda kwenye televisheni kuwaombea msaada watoto wa namna hiyo, na mwaka uliofuata yeye na Odette wakaanzisha chama cha Perce-Neige, jina la ua linalochomoza kwenye theluji. Hadi leo chama hicho kina nyumba wanamoishi watu wenye ulemavu.

Binti yangu wa tatu yuko hivyo. Alipokuwa mdogo, wageni wakija tulimpeleka chumba cha ndani. Nilipojua habari za Linda niliona aibu, na tangu siku hiyo binti yangu anakaa barazani. Sasa anachambua dagaa wa Kibirizi: anawamwaga kwenye ungo, anawapitisha vidoleni taratibu, changarawe moja haimponyoki.

Filamu ya kinyozi ninayo. Ukipanda Mwanga pita nyumbani, uje na hao wabishi wenzako. Atakayewafungulia mlango ni yeye.