Popo wa Pemba na panya wa Rungwe: kwa mnaoanza kazi ya fildi

Wadogo zangu mnaoshuka stendi ya Mbeya na mabegi mapya ya fildi, karibuni. Kila mwaka nawauliza wageni wanitajie mnyama mdogo wa Tanzania anayestahili kulindwa, na kila mwaka najibiwa upesi: popo wa Pemba. Hamjakosea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo yule alikuwa amewindwa kwa ajili ya nyama mpaka akawa wa kutafuta kwa tochi, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wanavijiji wakaamua kumlinda, miti anayolala ikaachwa kukatwa, na baada ya miaka kama ishirini wakahesabiwa maelfu kwa maelfu. Nenda Kidike, kulekule Pemba, jioni uone: mabawa ya mita moja na nusu na ushee yanapita juu ya kichwa chako, nawe unahesabu kwa kidole.

Shida inaanza mnapopanda mlima Rungwe, huku Mbeya, na kipimo hichohicho cha Pemba. Huku hakuna kitu kinachopita juu ya kichwa. Kuna panya mfupi, mnene, manyoya magumu kama brashi ya viatu, anayekula siafu na wadudu chini ya majani yaliyooza. Kitaalamu ni Lophuromys machangui, jina la heshima kwa Profesa Machang'u wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Popo wa Pemba aliandikwa vitabuni mwaka 1909; huyu alipata jina lake mwaka 2007. Kisiwa chake ni mlima: akishuka bondeni kwenye joto na mashamba, kwake ni kama bahari.

Nilipoanza sikulijua hilo. Asubuhi moja ya Julai, umande umeganda kwenye nyasi, nilifungua mtego wa bati nikamvuta panya kwa mkia kama nilivyofundishwa maabara. Mkia ukabaki vidoleni mwangu. Mwenyewe akatumbukia kwenye majani, nami nikabaki nimeushika kama mtoto aliyevunja kikombe cha watu. Mzee tuliyekuwa naye alicheka hadi akakaa chini: "Hao hawashikwi mkia, mwanangu." Ngozi yao nayo ni nyepesi, huchanika ukiikaza. Basi mmwage mnyama kwenye mfuko wa kitambaa, umshike taratibu ngozi ya shingoni kwa nje ya mfuko. Na mtegoni tia nyasi kavu jioni, kisha uamke saa kumi na moja. Baridi ya Rungwe huua kabla hujamaliza chai. Chambo ni siagi ya karanga na unga wa mahindi, ongezeni dagaa wa kusaga, kwa sababu huyu si mla nafaka.

Hilo la nafaka msilipite haraka. Mkulima wa mahindi na viazi ana ugomvi wa haki na panya shamba, ambaye naye ni mwenyeji wa Afrika. Jike lake lina chuchu hadi 24 na huzaa kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ukiua ishirini leo, msimu ujao hujui kama uliua. Wetu wa mlimani huzaa wawili watatu, kwa hiyo kwa hesabu ya uzazi yuko karibu zaidi na popo kuliko na huyo ndugu yake wa shambani. Lakini sumu ya dukani haisomi kitabu, na mimi sijaona mkulima akilaumiwa kwa kumwaga sumu ya panya ukingoni mwa msitu.

Kwa hiyo kwenye daftari msiandike "panya" peke yake. Andika aina, jinsia, uzito, kimo cha mlima, umbali kutoka shamba la karibu. Halafu mrudishe palepale ulipomtoa, hata kama mama mwenye shamba amesimama na jembe anakuuliza, "Sasa huyo unamwachia nani?" Mimi humwonyesha tumbo la mmoja wa wachache tunaowachukua kwa ajili ya kupasua: hakuna mahindi, kuna vichwa vya siafu. Mama wa kwanza niliyemwonyesha aliniomba nimpasulie pia tumbo la panya wa darini kwake, alinganishe.