Uliza kaunta: bia ya kuchanganya

Tangu nianze kuchanganya bia na vitu vingine hapa kaunta kwetu Moshi, maswali yamekuwa mengi kuliko oda. Leo najibu manne.

Kaka, nikichanganya bia na juisi ya ukwaju, povu linafoka hadi mezani. Nakosea wapi? (Njiro, Arusha)

Ukwaju wako una makapi. Gesi ya bia ikikuta chembe inatoka yote kwa mkupuo. Chuja kwa kitambaa, chujio la chai halitoshi. Kisha juisi itangulie kwenye glasi, iwe ya baridi kama bia yenyewe. Bia imiminwe mwisho, glasi umeiinamisha, itelezee ubavuni taratibu. Koroga mara moja tu. Na usije ukaifungia bia kwenye chombo cha kutikisia! Mimi nilifanya hivyo wiki ya kwanza, kifuniko kikaruka, mzee aliyekaa mbele yangu akarudi kwake shati linanuka limau. Kipimo changu ni ukwaju sehemu 1, bia sehemu 3, na chumvi kidogo mdomoni mwa glasi. Wameksiko wana yao ya limau, chumvi na pilipili, michelada. Ya pilipili bado sijaipatia mnywaji hapa.

Mimi nakunywa ya moto. Nichanganyiwe nini? (Pasua, Moshi)

Usichanganyiwe, mama. Bia ya moto haishiki gesi, ukiikoroga inabaki kama maji ya jana.

Mbege je? (Marangu)

Hapo nimehangaika. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, ulezi uliooteshwa na uchungu wa gome la msesewe, na hata ukiwa unakunywa bado inachachuka. Niliimwagia lager: povu kwanza, halafu tope, ulezi wote chini. Nikaacha lager, nikatwanga tangawizi, nikakamua maji yake kijiko kimoja kwenye kata nzima. Hiyo ilikubali. Babu mmoja alionja, akanyamaza, akaomba ya kawaida. Nimehesabu kuwa ni kura ya hapana.

Nikitia Konyagi kwenye bia, si inakuwa nyepesi kwa sababu bia nimepunguza? Mimi ni bodaboda. (Majengo, Moshi)

Tupige hesabu, mdogo wangu. Bia mililita 300 ya asilimia 5 ina mililita 15 za kilevi. Toti moja ya mililita 30 ya Konyagi, asilimia 35, inaongeza 10.5. Jumla 25.5, na chupa nzima ya mililita 500 ina 25. Umepunguza glasi tu. Nyepesi ni shandi: nusu bia, nusu soda ya limau, inabaki asilimia 2.5. Wajerumani huiita Radler, yaani mwendesha baiskeli. Jina lisikudanganye, pikipiki iache getini, mlinzi ataiangalia hadi asubuhi.