Mtapo sio wa kukatwa tu hivihivi

Swali lenu la wiki hii, kama mtapo, ule mti wa mapambo wenye majani kama ya mnazi, una usalama kwa nyumba yenye paka, limenigusa nikashindwa kukaa kimya. Hauna usalama. Una sumu majani, shina na mizizi, na mbegu ndio balaa zaidi, sumu yenyewe inaitwa saikasini na inapiga ini. Ila mimi swali langu ni jingine, kwa nini anayeuza mche hasemi?

Maana hapa Tanga mtapo sio mgeni. Upo pwani hii miaka na miaka, wazee walikula mbegu zake wakati wa njaa lakini mpaka zikatwe, zianikwe, zilowekwe na kubadilishwa maji tena na tena. Leo vitaluni unauziwa kama palmu ya kupendezesha geti, na wala sio ukoo mmoja na mnazi, majani tu ndio yamefanana. Na ule mfupi wenye asili ya Japani ni haohao, sumu ileile.

Shangazi yangu wa Chumbageni alikuwa nao kibarazani, na paka wake dume Shombe alipenda kutafuna yale majani machanga yakiwa bado laini, si unajua paka na majani. Siku hiyo alasiri kaanza kutapika, udenda unamtoka, kwenye matapishi vipande vya kijani unaviona kabisa. Jirani mmoja akasema mpeni maziwa, mwingine kaja na parasetamoli anataka kuisaga, shangazi akamfokea palepale, na alifanya la maana sana kwa sababu parasetamoli peke yake inaua paka hata kama hajagusa mti wowote. Akamtia kwenye kikapu cha ukindu, akafunika na kanga, akachuma na lile jani lililotafunwa, tukapanda bajaji. Daktari wa mifugo alipoliona tu akasema, "Mama, hii sumu haina dawa yake, tutampa mkaa wa dawa na dripu, tumuombee ini." Basi Shombe akawa hali chakula, kajificha uvunguni, fizi zimekuwa njano, shangazi anamnywesha supu ya changu kwa sindano isiyo na ncha, usiku anaamka kumtazama anapumua au hapumui. Alipona, ila alikonda mpaka unahesabu mbavu.

Nikamwambia shangazi leo naleta panga. Akanijibu, "Huu kaupanda marehemu, siukati mwanangu." Akauhamishia nyuma, akauzungushia wavu.

Nilianza kuandika hapa nikitaka kusema yote ing'olewe, sasa naona hapana. Mkubwa wa zamani getini uacheni, ila kama ni jike okoteni mbegu zote zile za rangi ya chungwa, hasa kama kuna mbwa maana mbwa anazimeza. Lakini kama una paka wa ndani au kitoto cha paka usinunue, chukua palmu ya areka, ile haina neno. Na wenye vitalu, andikeni kwenye chungu "una sumu", kalamu ya wino bei gani jamani?

Paka akishautafuna mpeleke hukohuko kwa daktari, hata kama katapika mara moja akatulia, kwa sababu anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu huku ini linaharibika.