Jibu: Maji ya kutia kwenye treni ndogo ya mvuke

Ndugu, umeuliza kama maji ya bomba yanafaa kwa injini yako Jumapili tukikutana bustanini hapa Karen, Nairobi. Usiyatie. Yanaacha ukoko ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia maji, na boila ndogo hivyo huwezi kuikwangua. Kinga maji ya mvua, yachuje kwa kitambaa safi. Usijaze mpaka juu, mvuke unataka nafasi. Oili iwe ile nzito ya mvuke, si ya gari. Gesi ya kuwashia boila tutajazia kando, mbali na moto wa wenzetu. Ukianza, isukume polepole kwa mkono: silinda za injini zikiwa baridi, mvuke hugeuka maji na bomba la moshi hutema maji ya moto, kwa hiyo usiinamie. Maji hayo yakiisha kutoka, injini inaondoka yenyewe. Dakika hiyo naipenda mno!