Maswali ya Wasomaji: Mtafiti wa Maji Aanzie Wapi?

SWALI: Mwalimu, asalaam alaykum. Nimehitimu shahada ya kwanza ya jiografia na ninaishi Malindi. Natamani kuwa mhadhiri na mtafiti wa maji kwa kutumia picha za setilaiti, lakini jamaa zangu husema kazi hiyo ni ya wenye mitambo mikubwa ya Ulaya na Marekani. Je, naweza kuanzia hapa nyumbani? — Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Waeleze jamaa zako kwa adabu kwamba mambo yalibadilika mwaka 2008, Marekani ilipoifungua bila malipo hazina ya picha za setilaiti zake za Landsat, inayoanzia 1972. Ulaya nayo hutoa bure picha za setilaiti zake za Sentinel-2, zinazoonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10 na kurudi mahali pale pale takriban kila siku 5. Kompyuta ya kawaida na intaneti vinatosha kuanzia.

Hata hivyo, tuseme unataka kuchunguza tope la mto: setilaiti haipimi tope lenyewe. Inapokea mwanga wa jua uliorudishwa na maji, na ni juu ya mtafiti kuulinganisha mwanga huo na tope lililomo majini siku hiyo hiyo. Hapo wewe wa Malindi unamzidi aliyeko mbali. Mto Sabaki hukusanya udongo tangu nyanda za juu kupitia Athi na Galana, ukaumwaga baharini kaskazini ya mji wako. Wakati wa kusi maji yale mekundu husukumwa upande wa Mambrui, na kaskazi ikivuma hugeukia ghuba ya Malindi, jambo ambalo wavuvi wanalijua vizuri.

Basi chagua siku ambayo setilaiti inapita, uende na mvuvi hadi mlangoni mwa mto, uchote maji ya juu kwa chupa safi na kuandika saa na mahali. Maabarani, kwa mfano ukiomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, maji huchujwa kwa karatasi iliyopimwa uzito ikiwa kavu. Karatasi hukaushwa katika joko na kupimwa tena, na uzito ulioongezeka, ukigawanywa kwa lita ulizochuja, ndio kiasi cha tope. Fanya hivyo majira yote. Masika, mto unapofurika, ndipo mawingu huziba picha. Rada ya setilaiti za Sentinel-1 hupenya mawingu lakini haisomi rangi ya maji, kwa hiyo chupa za miezi hiyo zina thamani kuliko zote.

Ukivutiwa na maji ya chini ya ardhi, tahadhari: setilaiti za GRACE, zilizorushwa 2002, zilihisi mabadiliko yake kwa mvutano wa dunia, lakini katika maeneo ya mamia ya kilomita. Maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, Lamu, hayaonekani humo; hayo hupimwa visimani.

Sambamba na hayo jifunze takwimu, fizikia ya mwanga na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kwa maoni yangu, usikimbilie kuomba ufadhili wa uzamili, iwe Nairobi au Uholanzi katika vyuo vya Delft na Enschede, kabla ya kuwa na data ya msimu mmoja. Unapomwandikia mhadhiri unayetaka akusimamie, ambatisha jedwali lako: tarehe, mahali, miligramu kwa lita, na picha ya siku ile.